Pua ya Mjomba

Mtamboni, tarehe 2 Aprili

Kwa mpwa wangu Kijiko,

Salamu zikufikie hapo ulipo, na ukizikuta zimechoka usizilaumu, zimesafiri juu ya magunia. Mimi ni mzima, nala, nalala, nakoroma. Wasiwasi wangu uko kwa mama yako, maana dada yangu akimaliza wiki nzima bila kunisema vibaya, lazima anaumwa.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu imekufa maji. Nilikuwa nimeinama juu ya tangi la kuoshea kahawa nawaeleza mafundi wenzangu makosa yao, ikachomoka mfukoni ikazama. Nilipiga mbizi mara tatu. Mara ya tatu nilikaa chini dakika kumi na moja, watu wakaanza kuchanga sanda. Najua utauliza. Ndiyo, tangi lenyewe linafika kiunoni, lakini maji ya kahawa ni mazito.

Sasa tuje kwenye lako. Dereva Kofia amenipa ujumbe wako, neno kwa neno. Umeacha kazi yako ya mapokezi. Chuo kinatafuta mtu wa kuendesha chumba chake cha kahawa, mmebaki watatu, na tarehe ishirini Mei kamati itaonja kahawa ya kila mmoja ndipo ichague. Na wewe unataka kahawa ambayo hao wawili hawataipata dukani.

Mpwa wangu, umebisha hodi penyewe. Miaka ishirini na sita natengeneza mashine za kukoboa kahawa, nchi tatu, mabonde yote, hakuna mtambo usionijua. Unadhani wananiita Pua kwa sababu gani? Siku ile mkanda wa mashine ulipoanza kuungua kule bonde la pili, mimi nilikuwa bonde la kwanza nakunywa uji. Nikaweka bakuli chini. Nikasema, "Jamani, kuna mpira unaungua, na ni mkanda wa upande wa kushoto." Walipofika wakakuta ni wa kushoto. Kahawa mimi nikiinusa nakwambia ilichumwa asubuhi au jioni, na mchumaji alikuwa na furaha au amegombana na mumewe.

Wiki moja tu. Nitakuletea kahawa ambayo kamati ikinywa itakuomba radhi kwa kukushindanisha na watu.

Mjomba wako,
Pua


Nyumbani, tarehe 9 Aprili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na doa la grisi juu ya jina langu, nikajua ni yako kabla ya kuifungua. Mama hajambo. Nilimsomea ile ya dakika kumi na moja. Akasema, "Huyo kaka yangu akikwambia mvua inanyesha, toka nje kwanza uloe." Kisha akacheka mpaka akakaa chini, kwa hiyo usimwogope.

Mjomba, naomba unisikilize vizuri hapa, uache kidogo kucheka. Kazi nimeiacha kweli, na mahali pangu wameshaweka mtu mwingine. Hakuna kurudi. Chumba cha chuo ni kizuri: madirisha mawili, kaunta ya mbao, sinki isiyovuja, na wanafunzi mia nane wanaopita mlangoni wakiwa na usingizi. Nikikipata, nimepata maisha. Nikikikosa, nitakuwa mtu aliyeacha kiti chake kwa ajili ya kikombe. Shangazi ameshaniuliza mara mbili, "Kahawa si kahawa tu?"

Wenzangu wawili si watu wa mchezo. Mmoja ana mashine kubwa ya kung'aa inayotoa mvuke kama garimoshi. Mwingine amewahi kuendesha hoteli. Mimi nina kikaango, kinu cha mkono na wewe.

Kwa hiyo usinitumie sifa, nitumie sampuli. Kilo mbili, imekobolewa, haijakaangwa, nitakaanga mwenyewe. Na uniandikie inanukiaje na ina ladha gani, ili nijue nimwambie nini mwenyekiti wa kamati akiuliza.

Mpwa wako,
Kijiko


Ng'ambo ya mpaka, tarehe 17 Aprili

Kijiko wangu,

Nimevuka mpaka. Askari wa forodha alinipigia saluti, akidhani mimi ni mkaguzi, kwa jinsi nilivyokuwa nakagua.

Ngoja nikupe kichekesho cha dunia. Nimefika kwenye mji uliozungukwa na kahawa. Ukisimama sokoni ukageuka pande zote nne unaona kahawa, kahawa, kahawa, na kanisa. Nikaingia hotelini, nikavuta kiti, nikamwambia mhudumu, "Dada, leta kahawa." Akaniletea kikombe cha maji ya moto, kijiko, na kopo. Kopo la unga, Kijiko! Unga wa kahawa uliosagwa ng'ambo ya bahari, una picha ya mzungu anatabasamu. Nikamuuliza, "Na hiyo iliyojaa huko nje dirishani?" Akaangalia dirishani kama anaiona leo. "Ile? Ile si ya kunywa, baba. Ile ni ya kuuza."

Nikaenda hoteli ya pili: kopo. Ya tatu: kopo lile lile, wameazimana, nililitambua kwa ubonyeo wake. Nikaenda nyumbani kwa mwenye shamba mwenyewe, ana ekari arobaini. Mkewe akanikaribisha vizuri sana, akanitengea chai.

Lakini mjomba wako hashindwi. Kuna mtambo mmoja nilikuwa nabadilisha sahani zake za chuma za kukobolea, nikakuta gunia limejitenga pembeni kama bibi harusi. Nikalinusa. Mpwa wangu! Harufu ya maua. Maua na, nini tena, na asali. Harufu ya, yaani, ya kahawa hasa. Mwenyekiti akiuliza mwambie hivyo hivyo, atakuelewa.

Nimekupimia kilo mbili na ushee. Sikuziamini mikononi mwa watu, nimeziweka mwenyewe ndani ya mkoba wangu wa vyombo vya ufundi, katikati kabisa, zikakaa humo siku nne nikitembea nazo, ndipo nikampa Kofia. Kabla sijafunga nikanusa tena. Maua yale yale.

Anza kutafuta shati la kuvaa siku ya ushindi.

Mjomba wako,
Pua


Nyumbani, tarehe 26 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Sampuli imefika. Nilipofungua, Mama alitoka chumbani mbio akiuliza nani amemwaga mafuta ya taa. Nikasema labda ni mfuko wa nje. Nikaimwaga kwenye ungo, nikaianika siku nzima. Nikakaanga. Jirani alikuja kubisha hodi, akatuambia kwa upole kwamba kama jenereta yetu inavuja tuiangalie. Hatuna jenereta.

Nilikunywa kikombe kimoja, kwa heshima yako. Nimekunywa dizeli, Mjomba, dizeli na grisi na kitu kingine nadhani ni gundi ya mikanda.

Nilikasirika sana. Nilikuwa nimeandika barua nyingine kabla ya hii, Mama akaichana. Akasema, "Mkasirikie, lakini fikiri kwanza."

Nimefikiri. Kahawa hunyonya kila harufu iliyo karibu nayo, wewe ndiye uliyenifundisha hilo nikiwa darasa la tatu, ulinikataza kuweka vitunguu karibu na kopo la Mama. Hata mtu mwenye mafua angesikia harufu ya mkoba ule. Wewe unasema ulinusa kabla ya kufunga, ukasikia maua.

Halafu nikakumbuka mwaka jana ulipokuja. Ulikaa jikoni kwenye kigoda, kando ya jiko, ukinisimulia ile ya mkanda wa bonde la pili. Maziwa yalikuwa nyuma yako. Yalifurika, yakaungua, sufuria ikawa nyeusi. Sisi tulikuja mbio kutoka uani. Wewe ulikuwa umekaa karibu nayo hatua moja, unaendelea na hadithi ya pua yako.

Tulicheka wote siku ile. Leo sicheki.

Mjomba, hukunusa gunia lile. Hunusi kitu. Tangu lini?

Zimebaki siku ishirini na nne.

Kijiko


Mtamboni, tarehe 1 Mei

Kijiko,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa.

Nilitaka kukuandikia kwamba ni Kofia aliyemwaga dizeli. Nilishaandika hata nusu ukurasa, hadithi nzuri, ina nyoka ndani. Nimeikunja nimeifanya kabari ya mguu wa meza.

Tangu ile homa ya mwaka juzi. Nililala siku tisa. Nilipoamka nikapata uji, nikasema uji gani huu hauna moshi wala ladha, nikamgombeza mpishi wa watu bure. Nilidhani itarudi. Niliweka pua juu ya vitunguu, juu ya pilipili, juu ya viatu vyangu mwenyewe. Kimya. Chumvi naisikia ulimini, sukari naisikia, uchungu nausikia. Mengine yote ni maji ya moto na maji ya baridi.

Sikumwambia mtu. Ungesema nini kama ungekuwa mimi? Nikiingia mtamboni watu wanapiga kelele, "Pua amefika!" Wananipa kiganja cha kahawa, wananizunguka, wanangoja niseme. Nami nasema. Nimekuwa nasema maua, asali, ndimu, kwa zamu, kama mtu anayebadilisha mashati. Wengine wanaitikia kwa kichwa, wanasema, kweli, ndimu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nao hawajui, hakuna anayeijua. Nikajiambia basi hakuna ninayemdhuru.

Mpaka wewe. Ulipotuma ujumbe ule ningeweza kukuambia, mwanangu, muulize mwingine. Lakini ulisema unanitegemea mimi. Kuna maneno mtu akiyasikia hawezi kuyarudisha.

Samahani. Hili neno silitumii sana, huenda nimelikosea.

Tafuta kahawa dukani, chagua gunia zuri. Nina rafiki hapo mjini mwenye duka, mwambie umetumwa na mimi. Au usimwambie.

Mjomba wako


Nyumbani, tarehe 6 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole. Pole ya miaka miwili, nimeilimbikiza yote hapa. Mama ameisoma barua yako mara tatu, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Kisha akarudi akasema, "Mwambie mjinga huyo kwamba maziwa yalikuwa ya mia mbili tu." Hivyo ndivyo dada yako anavyolia, unamjua.

Sasa nisikilize.

Dukani sitaenda. Wale wawili wataenda dukani, na wana vyombo kunishinda. Mimi sikukuomba pua, nilikuomba kahawa. Pua ni wewe uliyeileta.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipeleka mtamboni nikiwa mdogo? Ulikuwa unasimama nje, mlango umefungwa, unasema, "Hii ina sahani iliyolegea. Ile inakula kahawa mbichi, sikia inavyotafuna matope." Halafu unafungua, na ni kweli. Hizo hazikuwa uongo, Mjomba, mimi nilikuwepo. Mambo ya pua ulikuwa unaongeza chumvi tangu zamani, hata ilipokuwa nzima. Masikio hujawahi kuyasifia hata siku moja. Nadhani ni kwa sababu hayo yalikuwa ya kweli.

Tumia hayo. Na ladha, waazime watu ndimi zao. Wakaangie, waketishe, uwaangalie nyuso wakinywa. Watu wanaweza kukudanganya kwa maneno. Ukimtazama mtu anapoinua kikombe mara ya pili, hapo hadanganyi.

Nami nikukirie langu. Sijui kukaanga. Nimenunua kahawa ya kujifunzia, nimeunguza vikaango vitatu, cha nne kimetoka mbichi kinanuka nyasi. Nangoja harufu iniambie, lakini moshi wa jiko unanichanganya, kila mara nachelewa au nawahi.

Siku kumi na nne. Usiweke kitu chochote ndani ya ule mkoba.

Kijiko wako


Kilimani, tarehe 12 Mei

Kwa mpwa wangu Kijiko, mwenye akili za mama yake na ukali wa mama yake,

Ninaandika nikiwa nimekalia debe, na nitakuambia mambo jinsi yalivyokuwa. Nikizidisha nitaweka alama.

Kuna kikundi cha akina mama kumi na wawili huku kilimani, wana mashine ndogo ya kukoboa iliyogoma. Kiongozi wao wanamwita Mwenyekiti, na hata wanawe wanamwita hivyo. Ni mama wa makamo, ana sauti ya kengele ya shule. Nilipofika hakuniamkia, aliniangalia mkoba, kisha mimi, kisha mkoba.

"Ndiye Pua?"

"Ndiye."

"Mbona pua yenyewe ya kawaida?"

Nikafungua mashine. Nilipomaliza nikaomba kahawa ya kujaribia. Wakaleta debe, wakamimina kwenye trei la bati. Kijiko, nilikuwa nimewapa mgongo, nafuta mikono. Nikaisikia. Kahawa iliyokauka nusunusu ikimwagwa kwenye bati inaanguka kama udongo, pu, pu. Iliyokaukia juani chini inalia ovyo, nyingine kavu nyingine mbichi, kama watoto wanaoimba bila mwalimu. Hii ililia sauti moja. Kama vikombe vidogo vinagongana. Nikawaambia, "Mwageni tena." Wakamwaga. "Tena." Mwenyekiti akasema, "Fundi, umekuja kutengeneza au kucheza?"

Nikauliza wanaianikaje. Akanipeleka. Wameinua vitanda vya nyavu, hawaigusishi chini hata punje. Wanaigeuza kila saa kwa mikono, na mvua ikitisha wanaifunika kabla ya kukimbilia nguo zao. Na hawachumi ila iliyo nyekundu yote. "Yenye kijani begani tunaiacha mtini," akasema, "iende ikamalize kukua." Nikaingiza mashineni, nikafumba macho, ikapita kama mtu anayeswaki. Nikauma punje moja, ikakatika katikati, safi.

Nikamuuliza, "Mwenyekiti, hii ikinywewa ikoje?"

Akacheka. "Utaniuliza mimi? Nimechuma kahawa tangu sijaota meno ya ukubwani. Sijawahi kuionja."

"Hata siku moja?"

"Inakwenda mnadani, inapanda lori, kwaheri. Sisi tunakunywa chai. Kwani mshona sanda huwa anaivaa?"

Nikasema, leo mtaionja. Wakapiga kelele, wengine wakaogopa kwamba hawatalala. Nikaazima sufuria pana na mwiko. Sasa shika kalamu, Kijiko, hapa ndipo palipo pako.

Moto wa wastani, koroga bila kuacha. Usinuse. Funga pua kama mimi. Mwanzo inanyamaza, inageuka manjano, huo ni wakati wa kupiga soga. Halafu inaanza kupasuka, ta, ta, kama bisi lakini kwa adabu. Hapo usiseme na mtu. Itapasuka kwa fujo, kisha itapungua, kisha itanyamaza. Ule ukimya ndio mlango. Ukikaa mlangoni sana utasikia sauti ya pili, nyembamba, ya haraka, kama vijiti vikavu vinavyokanyagwa na panya. Ukisikia hiyo umechelewa. Ipua ndani ya ukimya, uimwage kwenye ungo, upepete ipoe upesi. Mimi niliipata mara ya kwanza. (Hii nimezidisha. Mara ya tatu.)

Tukatwanga, tukachemsha, tukachuja kwa kitambaa. Nikawamiminia wote, kisha nikafanya ulivyoniagiza. Nikakaa kimya, nikaangalia nyuso. Kwangu kukaa kimya ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko mashine.

Mmoja alikunja uso, akataka sukari. Mmoja akasema, "Ni chungu," akanywa tena. Na tena. Wawili wakaanza kubishana, huyu anasema inakumbusha zambarau, yule anasema ganda la chungwa, na hakuna aliyewaambia wabishane. Mwenyekiti alikunywa. Akaangalia vitanda vyake vya nyavu, kwa muda mrefu. Halafu akamwambia mdogo wake, "Nenda kamlete mama."

"Mama ana miguu mibaya, dada."

"Mbebeni. Alipanda mti wa kwanza hapa. Hawezi kufa hajui alichopanda."

Wakambeba, kiti na yeye mwenyewe. Bibi akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akakaa. Tukangoja. Akasema, "Kumbe." Basi. Akamaliza kikombe, akakitoa mbele kiongezwe.

Kijiko, mimi pale nilikuwa na kikombe changu mkononi na sikusikia kitu ila uchungu na joto. Lakini nakuapia, kahawa nzuri nimeiona.

Kisha Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe Pua, unasemaje?" Wote wakanitazama. Asali ilikuwa ulimini, tayari. Nikasema, "Mimi sinusi. Mwaka wa pili huu." Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Na mashine uliitengenezaje?" Nikasema kwa masikio. Akasema, "Sasa ungesema hivyo toka asubuhi, tusingekutazama pua siku nzima."

Nakutumia kilo nne. Imo ndani ya sufuria mpya ya Mwenyekiti, haijawahi kupikiwa, imefunikwa kwa kanga safi. Kofia ameapa kuibeba kwenye kiti cha mbele, na sigara hatavuta. Nimemsisitiza mara tatu.

Mjomba wako,
wa mashine


Nyumbani, tarehe 22 Mei

Mjomba wangu, shikamoo!

Kofia alifika tarehe kumi na saba, amefunga sufuria kwa mkanda wa abiria. Anasema huko njiani aliinyima lifti nusu ya nchi kwa sababu kiti kilikuwa na mtu.

Nilifunga mlango wa jiko. Nilimwambia Mama asiseme neno, akasema "Neno gani?" nikamwambia hilo hilo. Nikakoroga. Nikaisikia, Mjomba! Ta, ta, kisha fujo, kisha ikaanza kupungua, na ule ukimya ukaja kama ulivyoandika, nikaipua. Mama alikuwa amefumba macho, anasikiliza nami. Akafumbua akasema, "Leo ndiyo mara ya kwanza kaka yangu anasema kitu na kinatokea."

Siku yenyewe nilikuwa wa tatu. Mwenye mashine ya mvuke alitangulia, kamati ikapiga makofi kwa ajili ya mashine. Wa hoteli alileta vikombe vyenye mistari ya dhahabu. Mimi nikaja na birika la Mama na kitambaa cha kuchujia. Mwenyekiti wa kamati ni mzee anayetia sukari vijiko vitatu, niliona kwa wenzangu wote wawili, kabla hata ya kuonja. Kwangu alichota kijiko cha kwanza. Mtu wa pembeni yake akamwambia, "Onja kwanza hii." Akaonja, kijiko kikiwa bado hewani. Akaonja tena. Akakirudisha kijiko kwenye bakuli na sukari yake yote, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichochukua kwa makosa.

Akauliza ina ladha ya nini. Nilikuwa nimejiandaa kusema maua na asali. Nikasema, "Waliolima wanabishana kati ya zambarau na ganda la chungwa. Bibi aliyepanda mti wa kwanza alisema kumbe." Walicheka, kisha wakaanza kubishana wenyewe.

Chumba ni chetu. Nafungua tarehe kumi Juni.

Ila kuna sharti. Kamati inataka kahawa iwe hivi hivi kila asubuhi, na wakaniuliza nani anaikaanga. Ile siku nilibahatisha, Mjomba. Jana nimejaribu tena, nikaikosa kwa pumzi mbili. Nikawajibu kwamba anakaanga mjomba wangu, yuko njiani.

Kwa hiyo uko njiani. Kuna chumba kidogo nyuma ya kaunta, kina dirisha na jiko. Hakuna kelele. Muulize Mwenyekiti wa huko kilimani kama atatuwekea magunia manne msimu huu, bei aitaje yeye.

Mama anasema uje na nguo zako chafu, lakini mkoba uache nje.

Mpwa wako,
Kijiko


Kilimani, tarehe 29 Mei

Kijiko wangu,

Nilisomewa barua yako mbele ya kikundi chote, maana nilipofika kwenye sukari macho yalinijaa vumbi. Huku kuna vumbi sana. Mwenyekiti ndiye aliyemalizia kusoma, kwa sauti ile ya kengele, na aliposoma kwamba chuoni nako watu wanabishana zambarau na chungwa, wale wawili wakaanza upya, mpaka sasa hawajaachana.

Magunia utapata. Alisema matano tumeyakoboa, manne yako. Nikauliza, la tano? Akasema, "La tano haliendi popote. Hilo ni la kilimani." Sasa kila asubuhi kabla ya kwenda shambani wanakaa kwenye vitanda vya nyavu na vikombe vyao. Bibi anakaangiwa ya kwake peke yake, na ameanza kulalamika. Juzi alisema imepitiliza kidogo. Nilikuwa nimeichelewesha pumzi moja tu! Miaka themanini na kitu bila kuonja, na katika wiki mbili amekuwa kamati.

Jina nalo limebadilika, sikulichagua mimi. Nilisikia mmoja anapiga kelele kule chini bondeni, "Mwiteni Sikio, mashine inakohoa!" Nikageuka kuangalia ni nani huyo. Kumbe ni mimi. Si baya. Na usimwambie mtu, lakini kweli niliisikia inakohoa nikiwa kilima cha pili, ng'ambo ya mto, na upepo ulikuwa kinyume. Nilikuwa nimelala.

Naja na lori la Alhamisi. Nitakaa kiti cha mbele na sufuria ya Mwenyekiti mapajani, ile aliyoirudisha Kofia, imejaa tena; amesema nimrudishie kwa mkono wangu mwenyewe baada ya mavuno. Alivyolisema hilo, hakuwa anaangalia sufuria. Hapo sijazidisha, na sisemi zaidi.

Mwambie dada yangu nakuja kama nilivyo. Anitengee kile kigoda changu cha jikoni. Na kama kuna maziwa jikoni, nitayasikia yakianza kupanda. Ila siku ya kwanza, tafadhali, awepo na mtu mwingine.

Mjomba wako,
Sikio